Laptopu ya Kioo Kikubwa kwa Bei Nafuu: Faida na Hasara kwa Familia Yetu



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kitu kilichoingia katika mazungumzo ya nyumba nyingi hapa Nakivale: laptopu. Zamani ilikuwa kitu cha ofisini tu. Siku hizi kijana wa sekondari anarudi nyumbani na kazi ya projekti, maana mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza hapa Uganda mwaka 2020 unadai kazi nyingi za namna hiyo. Mama mwenye duka anataka kuweka hesabu zake sawa. Baba anataka kujifunza Kiingereza kwa video. Halafu wote wanaona tangazo dukani Mbarara, au picha kwenye simu ya jirani: laptopu kubwa, inchi 17, bei ya kutupa!

Je, tununue? Swali hili si dogo. Kwa wengine pesa hizo ni zamu ya likelemba waliyoisubiri mwaka mzima. Kwa wengine ni mbuzi wawili, au mahindi ya msimu mzima. Ukinunua shati lisilokutosha, utampa mdogo wako avae. Ukinunua laptopu isiyofaa, itakaa juu ya kabati kama pambo la harusi, na likelemba haitakurudia kesho. Kwa hiyo tuitazame laptopu hii ya kioo kikubwa pande zote mbili, nzuri na mbaya, kabla mtu hajapanda gari kwenda mjini.

INCHI NI NINI, NA HAZISEMI NINI

Inchi za kioo hupimwa kutoka kona moja hadi kona ya pili, mshazari. Laptopu ndogo ina inchi 11.6, yaani sentimita 29 na nusu hivi. Ya kawaida ina inchi 14. Zinazoitwa kubwa ni za inchi 15.6, karibu sentimita 40, na za inchi 17.3, karibu sentimita 44. Kutoka 14 hadi 17.3 unaweza kusema ni inchi tatu tu. Lakini ukipima eneo lote la kioo, ile kubwa inazidi ile nyingine mara moja na nusu. Hiyo ni tofauti ya kweli, hata mtoto ataiona.

Lakini wazee wetu walisema, ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Picha ya kwenye kioo imeundwa na nukta ndogo ndogo za mwanga. Laptopu nyingi za bei nafuu zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Hesabu hiyo hiyo utaikuta kwenye laptopu ndogo ya inchi 11.6! Maana yake, kioo kikubwa cha aina hiyo hakikuonyeshi mistari mingi zaidi ya barua yako. Kinakuonyesha mistari ile ile, ila herufi zimenenepa. Nyingi za inchi 17.3 za bei ya chini zina 1600 kwa 900, ni afadhali kidogo. Kioo kizuri kina 1920 kwa 1080, na hapo nukta zote zinafika milioni mbili, karibu maradufu ya kile cha kwanza.

Basi swali la kwanza kwa mwenye duka lisiwe inchi ngapi tu. Mwulize pia: nukta ngapi?

FAIDA ZAKE

Tusikidharau kioo kikubwa. Kina faida zake, na kwa nyumba zetu faida hizo ni nzito.

Kwanza, familia inatazama pamoja. Nyumba yenye watoto watano haina laptopu tano. Watoto watatu wakikaa mbele ya kioo cha inchi 11, mmoja anaona, wawili wanasukumana. Mbele ya inchi 15.6 au 17.3 wote wanafuata somo.

Pili, macho ya wazee. Wengi waliopita miaka 40 wanasogeza karatasi mbali ndipo wasome, na miwani ni gharama. Hapa hata zile herufi zilizonenepa zinakuwa msaada.

Tatu, kibodi ni pana. Laptopu nyingi za inchi 15.6, na karibu zote za inchi 17.3, zina vitufe vya namba upande wa kulia, kama mashine ya kuhesabia. Anayeandika hesabu za duka au za kikundi cha akiba atavipenda. Mnajua wenyewe: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, kazi ya kuandika na kuchapa. Kijana anayeandikia watu barua na kutengeneza matangazo anaweza kuweka karatasi mbili kando kwa kando. Ila hapo kioo kiwe cha nukta 1920 kwa 1080. Kikiwa cha 1366 kwa 768, karatasi mbili zinabanana na hakuna inayosomeka vizuri.

HASARA ZAKE

Sasa tugeuze upande wa pili.

Laptopu mbili zikiwa na bei moja, na moja ina kioo kikubwa zaidi, jiulize pesa ya kioo imetoka wapi. Mara nyingi imetolewa ndani ya mashine, pale usipopaona. Utakuta kichakato dhaifu cha Celeron. Utakuta kumbukumbu ya kazi, ile mafundi wanaita RAM, ni GB 4 tu. Utakuta mahali pa kuhifadhia ni GB 64 za aina inayoitwa eMMC, ambayo imeshikizwa kwenye ubao wa ndani moja kwa moja, na kwa kawaida fundi hawezi kuichomoa na kuweka kubwa. Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64 za kuhifadhia na GB 4 za RAM. Maana yake mashine hiyo imeanza maisha ikiwa imejaa! Mwezi wa kwanza inakwenda. Baada ya matengenezo kadhaa ya programu, ukibonyeza kitu unaweza kwenda kuchota maji na kurudi.

Hasara ya pili ni kuona kutoka pembeni. Vioo vingi vya bei nafuu ni vya aina ya TN. Aliyekaa katikati anaona vizuri, lakini aliye pembeni anaona rangi zimefifia, na anayetazama kutoka chini anaona giza. Kumbe ile faida ya kutazama pamoja inapotea! Kioo cha aina ya IPS hakina shida hiyo. Huhitaji utaalamu kukipima: simama kulia, simama kushoto, kisha chuchumaa. Picha ikibadilika sana, watoto wako wa pembeni watakuwa wanasikiliza tu.

Tatu ni mwanga wa mchana. Vioo hivi havina mwanga mkali. Ukikaa nje chini ya mti saa sita mchana utajiona sura yako mwenyewe. Ni laptopu ya ndani ya nyumba.

Nne ni uzito. Ya inchi 15.6 ina kilo 2 hivi, na ya inchi 17.3 inaweza kupita kilo 2 na nusu, bila chaja. Mabegi mengi ya shule hayaipokei ya inchi 17. Mwanafunzi anayetembea kwa miguu kila siku, au anayepanda boda boda barabara ya mashimo, ataivunja au ataiacha nyumbani.

Tano ni bawaba. Kifuniko kikubwa ni kizito, na mwili wa plastiki ni mwepesi. Mtu akikifungua kwa kushika kona moja, plastiki inapasuka pale bawaba ilipofungwa. Wafundisheni watoto kufungua kwa kushika katikati, pole pole.

HESABU YA SOLA

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, maana wauzaji wengi mjini wana umeme ukutani na hawakuulizi kama wewe unao. Tufanye hesabu pamoja, si ngumu.

Tuseme laptopu ya inchi 15.6 inakula wati 12 katika kazi ya kawaida ya kusoma na kuandika. Ukiitumia saa 4 jioni, ni 12 mara 4: wati-saa 48. Taa ndogo ya LED ya wati 3 kwa saa hizo hizo 4 inakula 12. Kwa hiyo laptopu moja ni sawa na taa nne. Ya inchi 17.3 inaweza kula wati 15 au zaidi, maana mwanga wa kioo chake ni mpana. Hiyo ni wati-saa 60, sawa na taa tano.

Sasa tazama sola yako. Paneli ya wati 10, kama zile za taa tatu na simu, ikipata jua zuri la saa 5 inatoa wati-saa 50 kwenye karatasi. Nyingine zinapotea njiani, kwenye nyaya, joto na betri. Ukiitegemea kwa laptopu, utalala gizani na simu imezima. Paneli ya wati 50 inatoa 250 kwenye karatasi, na hata ukipoteza theluthi moja bado una zaidi ya 160. Hiyo inatosha laptopu, taa na simu, ila siku za mawingu mtabana.

Betri nayo ihesabiwe. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na si vema kuinyonya zaidi ya nusu, itakufa mapema. Nusu yake ni 42, haitoshi hata jioni moja. Ya ampea-saa 20 ina 240, nusu ni 120. Hiyo inafaa.

Halafu kuna chaja. Geuza chaja ya laptopu usome maandishi madogo. Ukiona volti 19.5 na ampea 2.31, zidisha: ni wati 45. Ukiona ampea 3.33, ni wati 65. Namba hii ndiyo kiasi chaja inachoweza kuvuta betri ya laptopu ikiwa tupu, na inveta ndogo ya bei rahisi inaweza kulia na kuzima. Tena inveta yenyewe inakula umeme wako hata kama huitumii. Wenye betri ya volti 12 wanaweza kutafuta chaja ya gari, inayopandisha volti 12 kuwa volti za laptopu bila kupitia inveta. Hakikisha tu volti na kichwa chake vinalingana na laptopu yako.

Kwa kifupi: kama huna sola ya kutosha, bei ya laptopu si ile iliyoandikwa dukani. Ongeza paneli, betri na nyaya, ndipo ujue bei ya kweli. Au hesabu pesa utakayolipa kila siku mahali pa kuchajia.

MPYA YA BEI NAFUU AU YA MTUMBA?

Kwa pesa ile ile mara nyingi kuna njia mbili. Moja ni laptopu mpya ya bei ya chini. Ya pili ni laptopu ya mtumba iliyotumika ofisini Ulaya au Marekani, kama Dell Latitude, HP ProBook au Lenovo ThinkPad. Hizo pia zipo za inchi 15.6.

Mpya ina betri nzima na kwa kawaida inakuja na garantii. Haili umeme mwingi. Lakini ndani inaweza kuwa dhaifu, kama tulivyoeleza.

Ya mtumba ya ofisi imejengwa imara zaidi, bawaba zake ni ngumu, na fundi anaweza kuongeza RAM au kubadilisha diski. Udhaifu wake mkubwa ni betri iliyochoka. Pia angalia diski: ile ya zamani inayozunguka inachelewa na haipendi kuanguka. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na inaifanya mashine ya zamani iamke haraka.

Kuna jambo jingine la miaka hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au 2018. Kwa hiyo ya mtumba ya bei rahisi sana mara nyingi ni ya kundi hilo. Je, ni ya kutupa? Hapana. Inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Lakini ujue mapema, usije ukashangaa nyumbani.

Na kwa waliosoma Kongo au Burundi: tazameni kibodi! Mashine zilizotoka Ufaransa na Ubelgiji zina kibodi ya AZERTY, ambayo wengi wenu mliizoea. Watoto wenu hapa Uganda wanafundishwa QWERTY. A na Q zimebadilishana mahali, Z na W vile vile, na namba za juu zinataka kitufe cha Shift. Si kosa la mashine, lakini mjue mnamnunulia nani.

KABLA YA KUTOA PESA

Usilipe kwa picha ya simu. Nenda ukaishike, na kama unaye kijana anayejua, nenda naye. Fanyeni haya:

1. Chomoa chaja na uitumie kwa betri peke yake nusu saa nzima, ukicheza video. Kwenye Windows kuna ripoti ya betri: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakuandikia betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki chini ya nusu, omba bei ishuke au betri ibadilishwe.

2. Fungua ukurasa mweupe kioo kizima, utafute madoa, mistari na kona zenye giza. Kioo kikubwa kikipasuka, kukibadilisha ni pesa nyingi.

3. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja. Jaribu spika, kamera, Wi-Fi na matundu yote ya USB.

4. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa. Sikiliza kama bawaba zinalia au plastiki inaachana.

5. Izime kabisa, iwashe tena. Ikidai nywila ya kampuni usiyoijua kabla haijawaka, iache hapo hapo.

6. Dai risiti yenye jina lako, jina la duka na namba ya mashine. Mkimbizi akikutwa na mali ya wizi ana taabu maradufu. Bei ya kutupa bila risiti, kimbia.

BASI, NANI ANUNUE?

Tukiweka yote kwenye mizani, tunaona hivi.

Laptopu ya inchi 15.6 inaifaa familia yenye watoto kadhaa wanaosoma, itakayoiweka mezani na yenye sola ya wati 50 au umeme wa karibu. Mkiipata ya mtumba ya ofisi, yenye RAM ya GB 8, diski ya SSD na kioo cha 1920 kwa 1080, tunaona ni afadhali kuliko mpya ya inchi 17 yenye tumbo tupu. Mkitaka mpya, basi RAM iwe GB 8 na diski iwe SSD, hata kama kioo kitapungua.

Ya inchi 17.3 inamfaa mwenye kibanda cha kuandika na kuchapa, au mzee mwenye macho dhaifu asiyesafiri nayo. Kwa mwanafunzi anayebeba begi kila siku, inchi 14 au hata 11 inatosha.

Tena, wenye televisheni ndogo nyumbani, hebu itazameni nyuma. Ikiwa na tundu la HDMI, na laptopu ndogo ina tundu hilo pia, waya mmoja unaziunganisha, na kioo kikubwa mnacho tayari! Umeme utaliwa na vyote viwili, lakini ni saa ya somo tu.

Na familia isiyo na akiba? Tunasema kwa upendo: msiuze chakula cha mwezi kwa ajili ya laptopu. Simu yenye kioo kizuri inasoma vitabu na video za masomo. Nyumba mbili au tatu zinazoaminiana zinaweza kununua moja, zikaandika kwenye karatasi siku za kila nyumba, nani anachaji, na nani analipa ikiharibika. Andikeni kabla ya kununua, si baada ya ugomvi.

Mkishanunua, msiiwashe juu ya blanketi au godoro, maana huvuta hewa kwa chini na itaungua. Ifunikeni kwa kitambaa safi dhidi ya vumbi. Na msidhani bila intaneti ni bure. Kiwix inabeba Wikipedia, hata ya Kiswahili, na Kolibri inabeba masomo na mazoezi ya shule. Mkishaviingiza mara moja mahali penye mtandao, vinafanya kazi nyumbani bila bando.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kaeni pamoja muulizane maswali manne: Ni nani ataitumia, na kwa kazi gani? Itakaa mezani au itatembea? Umeme wake utatoka wapi? Na ikiharibika mwezi wa tatu, tutakula nini? Mkiwa na majibu ya yote manne, nendeni mjini kwa amani. Mkikosa hata moja, subirini kidogo. Akiba haiozi.